Vidonge vya Nesi Sinapati Havikuua Figo za Mdogo Wangu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Nesi Sinapati Ioelu anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kazi katika Hospitali ya Wilaya ya Vaimoli, hapa kisiwani Savai'i. Alifika Februari 1988, msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye viatu vyeupe na sauti ya kuamrisha meli. Viatu amebadilisha mara nyingi. Sauti ni ileile.

Daktari Tafale ameniomba mimi niandike maneno haya ya kitabu cha sherehe, kwa kuwa ndimi niliyefanya kazi na Sinapati muda mrefu kuliko wote waliopo. Mimi ni Oliana wa chumba cha kufulia. Shule sikwenda. Kusoma na kuandika nilifundishwa na marehemu mama yangu kwa Biblia yake, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, inyoosheni wenyewe. Nilimwambia Daktari atafute mtu mwingine. Akasema, "Bibi, nani mwingine anamjua Sinapati kama wewe?" Hakujua alichokuwa anauliza. Nitaandika mazuri yake, maana ni mengi. Nitaandika na nililomtendea, maana nikiliacha, haya mengine yote yatakuwa uongo uliovishwa maua.

Basi tuanze na mazuri. Kimbunga kile kikubwa cha mwaka 1991 kiliondoa paa la wodi ya wazazi kama mtu anayefunua sufuria. Ndani alikuwamo mama mmoja katikati ya uchungu. Sinapati alimwingiza chini ya meza ya dawa, akaingia naye, na mtoto akazaliwa humo humo, mvua ikipiga mbao juu yao. Mtoto aliitwa Matagi, yaani Upepo. Leo ni yule jamaa mnene anayeendesha gari letu la wagonjwa, na kila akichelewa Sinapati humwambia, "Ulipozaliwa ulikuwa na haraka, sasa umepatwa na nini?"

Mwaka 1996 ndipo alipoanzisha kliniki ya presha. Hakungoja watu waje hospitali. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alikuja na meza yake kwenye nyumba ya Kamati ya Wanawake, sisi tukiwa tumekaa chini tunasuka mikeka, akapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine na kipimo chake. "Leta mkono. Siyo huo wenye bangili, kwani nakuja kukuposa?" Wanaume walipoona aibu kuja nyumba ya wanawake, aliwafuata kwenye mchezo wa kirikiti, ile kriketi yetu ya kijijini. Mtu akishatolewa mchezoni, anakuta Sinapati amesimama kivulini na mpira wa kupimia. Mchungaji wetu wa zamani, mpenzi mkubwa wa nyama ya kopo, aliambiwa mlangoni pa kanisa, watu wakisikia, "Mchungaji, ukiendelea hivi nitaimba kwenye mazishi yako, na sauti yangu unaijua." Mchungaji aliacha nyama ya kopo mwaka mzima. Kwa sababu ya ile sauti, nadhani.

Kuna siku nguruwe wa mzee mmoja alitafuna mrija wa kifaa cha Sinapati cha kusikilizia moyo. Alimfukuza nguruwe mpaka ufukweni, akamnyang'anya, akaosha, akafunga kwa utepe, akaendelea kupima. Kufikia mwaka 2016 alikuwa na watu mia moja na kumi na wawili kwenye daftari lake la presha, na wote aliwajua kwa vidonge vyao kama mwalimu anavyojua watoto kwa daftari zao.

Hapo ndipo ninapofika mimi.

Mdogo wangu wa kiume anaitwa Peniamina. Ni fundi wa kuezeka. Makanisa matano ya wilaya hii yana mabati yaliyopigwa misumari na mkono wake. Alikuwa, kama mimi, mmoja wa wale mia moja na kumi na wawili, na alimeza vidonge vya presha miaka sita bila shida. Mwaka 2017 ikaja mvua ile iliyoingiza matope kwenye matangi, kijiji kizima kikaharisha. Peniamina aliharisha siku mbili, kila alichokunywa kikarudi. Sinapati alikuja kwa miguu kwenye maji ya magotini. Akamfinya ngozi, akamtazama ulimi.

"Vidonge vya presha, simamisha," akasema. "Leo, kesho, mpaka utakapokula na kunywa kama mtu. Mwili umekauka, figo hazina maji ya kuchuja, tusizibane zaidi."

Akampeleka hospitali, akatundikiwa maji. Kipimo cha damu kikaonyesha figo zimezidiwa, namba ya taka kwenye damu imepanda karibu mara mbili. Siku ya tatu akapimwa tena, namba imeshuka, anakula magimbi na kulalamika chumvi imekosekana. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mimi nilikuwa uani naanika mashuka, Sinapati akatoa kichwa dirishani.

"Dada Oliana! Figo za Peniamina zimerudi vizuri. Mwambie Jumatatu aanze tena vidonge vyake. Jumatatu, usisahau."

"Sitasahau," nikamjibu, na kibanio kimoja mdomoni.

Sikusahau. Afadhali ningesahau. Nilisimama pale na mashuka yangu nikapiga hesabu ya mtu asiyejua hesabu. Alipokuwa anameza vidonge, namba ilipanda. Alipoviacha, ikashuka. Basi vidonge ndivyo vilivyokuwa vinamla. Kuharisha sikukuhesabu. Maji aliyotundikiwa sikuyahesabu. Miaka sita aliyomeza salama sikuihesabu. Nilihesabu kile kimoja nilichokiona, nikajiona nimewashinda manesi na madaktari kwa macho yangu mawili.

Jumapili, baada ya ibada, tumekaa kwenye chakula, nikamwambia, "Peni, vile vidonge usivirudie."

"Nesi amesemaje?"

"Nesi amesema figo zimepona. Zimepona kwa kuwa umeviacha. Sasa unavitaka tena vya nini?"

Mkewe, Sieni, akaweka bakuli chini. "Lakini wifi, Nesi alituambia akipona ataanza..."

"Nani aliyeongea na Nesi, mimi au wewe?"

Sieni akalisogeza bakuli kwa mumewe. Peniamina akachovya shelisheli kwenye tui, akala, akasema, "Sawa, dada."

Nyinyi mnaosoma mnajua neno hilo lina uzito gani. Kwetu mwanamume anaweza kubishana na mkewe, na mchungaji, hata na baraza la machifu akiwa na moyo. Lakini na dada yake habishani. Heshima hiyo nimeipokea tangu utotoni bila kuifanyia kazi. Peniamina alikuwa ananipa samaki wa kwanza kabla hajawapa watoto wake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia acha dawa, anaacha dawa. Nilijua hivyo nilipofungua mdomo.

Wala sikuishia kwake. Jumanne iliyofuata, kwenye mikeka, niliwaambia wanawake wa Kamati. Nilisema, figo za mdogo wangu zilipanda na vidonge, zikashuka bila vidonge, mimi mwenyewe nimeona. Lusia, jirani yangu, akauliza, "Lakini si tunaambiwa vinalinda figo?" Nikamwambia, "Wewe mtu akikuambia moto unalinda nyumba, utaamini?" Wakacheka. Vicheko vile navisikia mpaka leo, na sitaki.

Miezi ikapita. Jambo likanichoma: kila Jumanne ya kwanza namwona Peniamina anakuja kwenye meza ya Sinapati, anakaa, anatoa mkono, anapewa pakiti yake, anashukuru, anaondoka. Nikasema moyoni, kumbe ananidanganya. Amesema sawa dada, halafu anameza kwa siri. Nilikasirika, lakini sikumwuliza. Nilikuwa na kiburi cha kutotaka kuonekana nimekaidiwa. Sinapati kwa upande wake alikuta presha ya Peniamina haishuki, akamwongezea kidonge cha pili. Nacho akakichukua, akashukuru.

Mwaka 2020 miguu ikamvimba. Fundi aliyekuwa anapanda paa na mbao begani alianza kupumzika katikati ya ngazi. Damu ikapimwa: figo zimebaki kidogo sana, haziwezi kazi. Wakampeleka Apia, mji mkuu, kisiwa cha pili. Yuko huko mpaka sasa, kwa binti yake, na mara tatu kwa wiki anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Paa lake la mwisho hakulimaliza. Wamelimaliza wengine, na linavuja.

Kijiji hakikuhitaji kuambiwa na mtu. Miaka mitatu, kila Jumanne ya kwanza, walimwona kwa macho yao anachukua vidonge vya Sinapati. Leo hana figo. Wanataka ushahidi gani tena? Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema, "Niliwaambia."

Baraza likamwita Sinapati. Sisi wanawake tulikaa nje, lakini nyumba ya baraza haina kuta, kila neno lilitufikia. Msemaji wa machifu akasema, "Nesi, mtu amechukua dawa yako miaka mitatu. Leo figo zimekufa. Tueleze."

Sinapati alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja vizuri, mikono mapajani. Akasema, "Waheshimiwa, presha ndiyo inayoua figo. Dawa hizi huzilinda. Nimewaeleza miaka mingi, nitawaeleza tena hata sasa. Ama habari za Peniamina, hizo ni zake Peniamina. Sizitoi hapa."

"Kwa hiyo huna jibu."

"Ninalo. Ila kulitoa si kazi yangu."

Mimi nilidhani hana. Nilimgeukia Lusia, nikamwambia, "Umesikia? Hana." Palepale baraza likaamua kliniki ya presha isifanyike tena kwenye nyumba ya Kamati. Sinapati alitoka, akaenda akachukua meza yake. Alibeba peke yake, kichwani, akipita barabarani mchana kweupe mbele ya nyumba zetu zote. Wanawake aliotuzalisha, ambao watoto wetu aliwachanja, tulimtazama. Hakuna aliyeshika hata mguu mmoja wa meza. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Akaiweka meza ile kwenye varanda ya hospitali. Kati ya watu mia moja na kumi na wawili walimfuata ishirini na tisa. Hao wengine aliwafuata majumbani. Kuna nyumba walikuwa wanamtuma mtoto mlangoni: "Mama hayupo, ameenda shambani." Naye anajibu kwa ile sauti yake, "Mwambie mama aliyeko shambani kwamba miguu yake inaonekana chini ya pazia." Watu walicheka, lakini hawakutoka. Mwaka 2022 Lusia, ambaye naye aliacha vidonge, akapata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi mpaka leo, hasuki tena. Nilifua mashuka yake wiki sita, na kila siku nilijiambia ni uzee.

Miaka yote hiyo Sinapati alipita chumba cha kufulia kila asubuhi, saa moja kasorobo, na kuniambia, "Umeamkaje, dada?" Hakuruka hata siku moja. Mimi nilijibu nikitazama beseni.

Agosti mwaka jana, nikiwa nakunja mashuka, damu ikanitoka puani ikachafua mashuka manne meupe. Sinapati alinikalisha juu ya beseni lililopinduliwa, akanifunga mpira mkononi, akatazama namba.

"Mia moja tisini na nane. Vyako uliacha lini?"

"Vyangu nini?"

"Oliana." Hakuniita dada.

"Mwaka 2017," nikasema.

Akaufungua mpira, akaukunja taratibu. Nikaona nijitetee. Nikamwambia wazi kwamba vidonge vyake vinaua figo, na kwamba siwezi kwenda kufungwa kwenye mashine kama mdogo wangu.

Akaniuliza, "Tui unakamuaje?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu."

Nikamwambia, kama watu wote: unafunga nazi iliyokunwa ndani ya nyuzi za gome, unasokota, unakamua.

"Ukikamua kwa nguvu zako zote, kila siku, nyuzi zinakuwaje?"

"Zinakatika. Machicha yanapita kwenye tui."

"Basi figo ni nyuzi hizo. Damu inapita ndani yake ichujwe. Presha ni mkono unaosokota kwa hasira, usiku na mchana. Nyuzi zikikatika hazishoneki. Kidonge kinalegeza ule mkono. Mwanzoni utaona tui linatoka polepole kidogo, namba ya damu inapanda kidogo, watu wanaogopa. Tunapima tena, tukiona imetulia, ujue nyuzi zimepumzika. Ikipanda sana tunaacha au tunabadili, ndiyo maana napima. Lakini kama nazi yenyewe haina maji, mwili umekauka kwa kuharisha, hapo unaacha kidonge siku chache usije ukazikausha nyuzi. Ukishapona unarudi. Kurudi, dada. Nilikuwa nawaambia yote mawili."

Mimi ndiye niliyepewa hilo la pili nilipeleke, na sikulipeleka. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Peniamina je?"

"Panda feri ukamwulize mwenyewe," akasema, akaenda kuniletea vidonge.

Nikapanda feri. Nilimkuta Peniamina ameshafungwa kwenye mashine, amejifunika blanketi hadi kidevuni, amekonda, macho ni yaleyale. "Dada! Umeleta magimbi au umeleta machozi? Maana machozi humu yapo ya kutosha."

"Peni, uliniambia sawa, halafu ukameza vidonge kwa siri. Kwa nini?"

Akanitazama kama nimesema Kichina. "Nani amemeza? Uliniambia nisimeze."

"Nilikuona unavichukua!"

"Nilivichukua. Nesi anatembea jua hili na meza, mimi nimwambie nini, kwamba dada yangu amesema dawa yake ni sumu? Nilichukua, nikashukuru, nikaenda kuweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Mpaka kopo likajaa, nikaanza la pili."

"Miaka mitatu?"

"Kama ungeniambia niruke baharini ningekuuliza upande gani tu." Akacheka, akakohoa. Nikaanza kulia. "Usilie hapa, dada. Wahudumu watadhani zamu yako imefika."

Kisha akanieleza. Siku ile ya 2020 walipokuwa wanamfungia nguo za kuja Apia, Sinapati alishusha kopo akidhani lina soksi. Vidonge vikamwagika kitandani, pakiti baada ya pakiti, hazijafunguliwa. Akamwuliza kwa nini. Peniamina akamweleza, halafu akamsihi asimtaje dada yake kwa mtu yeyote. Sinapati akamwambia, "Sitamtaja. Siri ya mgonjwa wangu haitoki. Lakini itabidi mmoja wenu aseme."

Kwa hiyo siku ile barazani alikuwa na jibu. Angefungua mdomo mara moja tu, meza ingebaki mahali pake na mimi ndiye ningepita barabarani nimeinamisha kichwa. Amebeba aibu yangu miaka mitano sasa, na kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje.

Niliporudi nilichukua mkeka mwembamba wa marehemu mama, ule bora wa nyumba yetu, nikaenda kukaa chini mbele ya nyumba ya Sinapati nikiwa nimejifunika kichwani, kama wanavyofanya wakosaji kwetu. Peke yangu, bila chifu wa ukoo, maana sikuwa na uso wa kumweleza chifu. Sikukaa sana. Mlango ukafunguliwa.

"Ondoa huo mkeka kichwani. Jua ni kali, na presha yako siiamini."

"Nimekukosea, Sina."

"Najua. Ingia unywe chai."

Nikaingia. Alinimiminia chai ya majani ya mchaichai, akanisogezea biskuti, akanitazama nilivyoshindwa kuzigusa. Nikamwambia nitafanya chochote atakachotaka.

"Ulisemea wapi yale maneno?" akauliza.

"Kwenye Kamati."

"Haya. Kayatoe hukohuko ulikoyaweka."

Hakuongeza kitu. Hiyo ilikuwa Agosti. Sikuenda. Kamati imekutana mara kumi tangu hapo, nami nimehudhuria mara kumi, nimesuka, nimeimba, nimekula, nimerudi nyumbani. Kila mara ulimi ulikuwa tayari, na kila mara nilimwona Lusia amekaa na mkono wake uliolala, nikameza maneno. Vidonge vyangu namshukuru Mungu navimeza pia. Baada ya wiki mbili namba yangu ya figo ilipanda kidogo, nikakimbia kwa Sinapati bila viatu. Akasema, "Tui polepole, dada. Kaa chini." Mwezi uliofuata ilikuwa palepale, na mpaka leo haijasogea. Kwa hiyo sina hata kisingizio cha kutojua. Miezi kumi nimejua, na nimekunja mashuka.

Ndiyo maana Daktari aliponiletea karatasi hii nilitaka kukimbia, kisha nikabaki. Najua kitabu hiki kitasomwa kwa sauti Ijumaa, machifu wakiwa wamekaa, Kamati imekaa, mchungaji yupo. Peniamina nimemwomba ruhusa kwa simu. Amesema niandike jina lake kwa herufi kubwa na nisipunguze hata neno.

Basi wote msikie. PENIAMINA hakumeza kidonge hata kimoja tangu ile mvua ya 2017. Aliacha kwa neno langu. Ujumbe wa Nesi kwamba aanze tena nilipewa mimi mkononi, nikauzuia. Kilichoua figo zake ni presha ambayo haikuzuiwa na kitu. Lusia, wewe uliniuliza swali la mtu mwenye akili na mimi nikawafanya watu wakucheke. Nitakuja kwako kabla ya Ijumaa, ili usilisikie hili kwanza mbele ya watu, na ukinifukuza nitarudi kesho yake.

Waheshimiwa wa baraza, mliamua kwa mlichokiona, na mlichokiona kilikuwa nusu. Nusu nyingine nilikuwa nimeikalia. Nawaomba meza irudi kwenye nyumba ya Kamati. Nesi Muese, anayeshika nafasi ya Sinapati, anaanza Jumanne tarehe 1 Julai, na ni msichana mpole, hatakuwa na sauti ya kuwafuata nyuma ya mapazia. Nitaibeba meza mimi, na nitakuwa wa kwanza kutoa mkono. Wenye vidonge kwenye makopo, msianze kuvimeza wenyewe kwa kuogopa kitabu hiki. Vileteni vilivyo, mpimwe presha na damu, mwambiwe kipi na kiasi gani. Hakuna atakayewacheka. Akitokea wa kucheka, aanze na mimi.

Sinapati, wafanyakazi wa Vaimoli wanakushukuru kwa miaka thelathini na saba: kwa watoto uliowapokea, majeraha uliyofunga, makelele uliyotupigia tulipostahili. Matagi anasema atakupeleka nyumbani kwa gari la wagonjwa na king'ora, na nimeshindwa kumzuia. Tunakuombea afya, kakao yako izae, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na kwaya ya kijiji chenu iwe na uvumilivu.

Kwa upande wangu sikuombi unisamehe Ijumaa, watu wakitazama, maana utanisamehe kwa ajili yao. Nataka tu utoke kwenye lango la hospitali hii ukiwa hubebi kitu kisicho chako. Nimekuja kukichukua. Pumzika vyema, Sina. Kosa lilikuwa langu.

Oliana, chumba cha kufulia